Somo la Ulimi: Tulivyoonja Bia za Texas Bila Kuangalia Kopo

Toleo lililopita tuliandika kuhusu fomu za kodi, na baadhi yenu mkatutumia ujumbe kwamba gazeti limekuwa kavu mno. Haya, leo tunalilowesha.

Kwanza, ilani. Kama hujafikisha miaka 21, hapa Texas somo hili kwako ni la kusoma tu, usilifanyie mazoezi. Na wewe ambaye dini au afya haikuruhusu kunywa, usiruke ukurasa. Aliyefanya vizuri kuliko wote siku hiyo ni dada mmoja wa Unguja ambaye hakunywa hata tone. Nitafika kwake.

Ubishi wenyewe ulianza kwenye nyama choma, Oktoba 2019, kwenye apatimenti ya mwenzetu huku Alief, kusini-magharibi ya Houston. Wenzetu wa Dallas na Fort Worth walikuwa wameteremka na barabara ya I-45, saa nne hivi, wakiwa na sanduku la barafu limejaa makopo ya kwao. Kaka mmoja wa Nairobi akatazama lile sanduku, akacheka: "Maze, bia ya Marekani ni maji. Mimi nipe Tusker." Mchagga mmoja akasema hata Tusker ni maji, bia ni mbege. Ndugu yetu wa Bukavu akawaambia wote wawili wanyamaze, hawajawahi kuona chupa ya Primus ya sentilita 72. Ikawa kelele tupu.

Mimi nilikuwa nachukua somo la takwimu muhula ule. Nikawaambia: mnabishana kwa midomo wakati midomo yenyewe ndiyo chombo cha kupimia. Tupime basi.

JARIBIO LA GLASI TATU

Linafanyika hivi. Unachukua bia mbili unazodai ni tofauti. Unamimina glasi tatu: mbili za bia moja, ya tatu ya bia nyingine. Glasi ziwe za aina moja, bia iwe na ubaridi uleule, na anayeonja asione unavyomimina. Kazi yake ni moja tu: aonyeshe ipi si ndugu ya wenzake. Viwanda vya bia vyenyewe hutumia jaribio hili kujua kama pipa la leo linafanana na la jana.

Uzuri wake ni kwamba bahati tumeshaihesabu. Anayebuni ana nafasi moja kati ya tatu. Kwa watu 12, wanne watapatia hata wakiwa wamelala. Ili uweze kusema kwa uhakika wa kawaida wa takwimu kwamba kweli watu wanaonja tofauti, unahitaji angalau 8 wapatie.

Tulikuwa 12 tuliokubali kuonja. Tukaweka Tusker, iliyonunuliwa duka la bia za nje, pamoja na laga moja ya kawaida ya Marekani, ile ya bei ya mwanafunzi. Waliopatia? Watano. Kaka wa Nairobi hakuwa mmojawao. Mwe! Alikaa kimya kama dakika tatu hivi, kisha akasema glasi zilikuwa na sabuni.

Wanaosoma takwimu watapenda kujua kwamba hesabu za sampuli ndogo kama yetu zilizaliwa kiwandani kwenye bia. Ule mtihani wa t unaotutoa jasho ulitungwa na William Gosset, aliyeajiriwa na Guinness kule Dublin mwaka 1899. Alipoutoa mwaka 1908 alijiita "Student", yaani mwanafunzi, kwa kuwa kampuni haikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Kwa hiyo mtu akikwambia bia na masomo haviendani, mjibu kwa adabu.

Lakini nisimwonee kaka yetu. Anachokikumbuka yeye ni Tusker iliyotoka kiwandani juzi, baridi, imeletwa na mhudumu anayemjua jina. Iliyofika Houston imevuka bahari, imekaa bohari, imepigwa joto. Bia ikizeeka na hewa ikaipata, hutoa ladha ya boksi lililolowa. Ikipigwa na mwanga kwenye chupa ya kijani au nyeupe, uchungu wa hopsi hugeuka harufu kama ya kicheche, ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za kahawia. Kwa hiyo ladha ya nyumbani ipo kweli, ila haisafirishwi kirahisi. Hoja hii tuliikubali wote, hata Mchagga.

KUONJA KWENYEWE

Baada ya hapo hasira ziliisha na watu wakataka kujifunza. Tukaanza upya, taratibu, kwa bia za viwanda vidogo vya huku kwetu.

Mpangilio ni kuanza na nyepesi na kumalizia na nzito, maana ulimi ukishapigwa na uchungu au utamu mwingi hausikii tena vitu vidogo. Mimina kidogo, mililita 60 zinatosha. Hiyo ni kama kikombe cha kahawa ya mtaani, ile ya vibarazani. Glasi isafishwe na kusuuzwa vizuri (kaka wa Nairobi alisimamia mwenyewe). Bia isiwe ya barafu kabisa, baridi kali hufa ganzi ulimi. Tazama rangi na povu. Zungusha glasi, nusa mara mbili fupi. Kisha piga funda, liache mdomoni, meza, na utoe pumzi kwa puani mdomo ukiwa umefungwa. Hapo kwenye ile pumzi ndipo mambo yalipo, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu. Andika kabla ya kuongea! Mtu wa kwanza akisema "asali", wote watasikia asali. Katikati kula kipande cha mkate mkavu na maji.

Tulianza na Saint Arnold ya hapa Houston. Kiwanda hiki kilianzishwa na Brock Wagner na Kevin Bartol, wote waliosoma Chuo Kikuu cha Rice, na pipa lake la kwanza lilitoka Juni 1994. Ndicho kikongwe kati ya viwanda vidogo vya kizazi kipya Texas. Nasema kizazi kipya kwa sababu wazee wa Shiner wanapika tangu 1909. Wagner alikuwa anapika bia chumbani tangu akiwa mwanafunzi, halafu akafanya kazi kwenye mambo ya fedha, akaacha. Mzazi wa Kiafrika angeitisha kikao cha ukoo.

Ya kwanza ilikuwa Fancy Lawnmower. Jina lina mashine ya kukatia nyasi ndani yake, maana ndiyo ya kunywa ukimaliza kufyeka uwanja kwenye joto la Houston. Ni ya mtindo wa mji wa Köln, Ujerumani. Rangi ya majani makavu, alkoholi asilimia 4.9. Kwenye karatasi watu waliandika: mkate, nyasi, ndimu kwa mbali. Mmoja aliandika "soda ya watu wazima". Si tusi.

Hapo naomba tusimame kidogo, maana bia hii ina kisa kinachofundisha kuliko kitabu. Mwaka 2010 Saint Arnold walichukua mchuzi uleule wa Lawnmower, yaani maji ya kimea yaliyochemshwa na hopsi kabla hayajachacha, kisha badala ya hamira yao ya kawaida wakatia hamira ya bia za ngano za Bavaria. Wakaiita Weedwacker. Shayiri ileile, maji yaleyale, kilichobadilika ni hamira peke yake, na ikatoka bia nyingine kabisa. Hamira ya Bavaria hutengeneza kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na nyingine inayonukia kama karafuu.

Ili kulionja hilo tulifungua bia ya ngano ya Kibavaria kutoka Ujerumani, tukaipitisha bila kusema ni nini. Mchagga alinusa, akaweka glasi chini, akauliza nani kaleta mbege. Jamaa alikuwa anasikia ndizi. Ikaja zamu ya dada wa Unguja, ambaye alikubali kunusa tu. Akasema bila kusita: "Karafuu. Tena si changa, ni iliyoanikwa." Wanywaji wote walikuwa wameandika "tamu" na "nzuri". Kwenye bia ile hakuna ndizi wala karafuu. Kuna nafaka, hopsi na hamira. Pua iliyokulia kwenye mapipa ya karafuu ilisoma kemia bila darasa, na tangu siku ile tunamwita Profesa.

Ya pili ikawa Amber ya kiwanda hichohicho, bia waliyoanzia biashara. Rangi ya chai ya rangi iliyokolea, asilimia 6 hivi. Rangi hiyo inatokana na kimea kilichokaangwa zaidi, ndiyo maana ukiivuta puani unapata kama sukari iliyoungua na ganda la mkate.

Ya tatu Art Car, ambayo ni IPA, ya dhahabu, ina hopsi nyingi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, huleta uchungu na pia harufu. Hapa ilikuwa balungi, embe, ganda la chungwa. Nusu ya watu walikunja uso. Mama mmoja wa Kisumu, anayesomea uuguzi, alisema inamkumbusha mwarobaini. Mchagga ndiye aliyeielewa haraka, kwa sababu mbege nayo ina uchungu wake: unachemsha ndizi mbivu, unaziacha zichache kwa siku kadhaa, unatia uji wa kimea cha ulezi, na ule uchungu unatoka kwenye gamba la msesewe. Alisema, "Kumbe hawa nao wana msesewe wao." Ndiyo kabisa. Mpishi wa Marangu na mpishi wa Houston wanahangaika na tatizo moja: nafaka na tunda huleta utamu, na utamu bila uchungu huchosha mdomo. Kila mmoja akaingia kichakani kwake kutafuta dawa.

Nilitaka pia tulinganishe na busaa, ulanzi na komoni, lakini hayo ni ya kuzungumza tu, hakuna aliyebeba kwenye begi la ndege. Togwa tulipata, Profesa aliipika. Iliisha kabla ya bia.

RANGI ILIYOTUDANGANYA

Hapo sasa wenzetu wa kaskazini wakafungua sanduku lao. Walikuwa na Ugly Pug ya Rahr & Sons, kiwanda kilichoanzishwa Fort Worth mwaka 2004 na Fritz na Erin Rahr. Ukoo huo ulikuwa wa watengeneza kimea kule Wisconsin tangu 1847, kwa hiyo bwana huyu ni kama alirudi jikoni kwa mlango wa mbele. (Februari 2010 paa la kiwanda chao liliporomoka kwa uzito wa theluji. Theluji, Texas!)

Ugly Pug ni nyeusi, nyeusi kama kahawa. Nikaiweka kando ya Art Car ya dhahabu, nikauliza wote, macho wazi: ipi kali zaidi? Watu 10 kati ya 12 walinyoosha kidole kwenye nyeusi. Ndugu wa Bukavu aliomba apewe kidogo tu kwa sababu anaendesha.

Ugly Pug ina asilimia 4.5. Ile ya dhahabu aliyokuwa amekunywa bila wasiwasi ina 7 na ushee. Weusi wa bia hutoka kwenye kimea kilichochomwa, kama kahawa inavyochomwa, na kimea kidogo tu cha aina hiyo kinatosha kulitia sufuria zima giza. Nguvu hutoka kwenye wingi wa sukari iliyoliwa na hamira. Vitu viwili havihusiani. Kisha nikawapa ya mwisho, Pumpkinator ya Saint Arnold, inayotoka msimu wa maboga: boga, molasi, viungo, nzito, tamu. Profesa alinusa akasema ni pilau iliyokosea njia. Waliokuwa wanakunja uso kwenye IPA waliipenda hii, wakaomba waongezewe. Nikawaonyesha kopo: asilimia inazidi 10.

Hapo kicheko kikapungua, na nitaeleza kwa nini.

MBILI TU

Kuna mwenzetu ambaye sitamtaja, ameniruhusu niandike. Miaka kadhaa nyuma alitoka kuangalia mpira baa, akasimamishwa barabarani akiwa njiani kurudi. Akaulizwa amekunywa ngapi. Akajibu, na alikuwa anasema kweli, "Mbili tu." Nyumbani mbili ni mbili. Amekulia kwenye hesabu ya chupa: chupa za meza moja zina ukubwa uleule na ukali unaokaribiana, kwa hiyo ukihesabu chupa umehesabu pombe. Hapa alikuwa amepewa painti mbili za bia ya asilimia 9.

Fanya hesabu nami. Zidisha mililita kwa asilimia, gawanya kwa 100, unapata alkoholi tupu. Marekani "kinywaji kimoja" cha kitaalamu ni kopo la aunsi 12, yaani mililita 355, la asilimia 5: kama mililita 18 za alkoholi. Gawanya jibu lako kwa 18. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 inatoa 21, sawa na kinywaji kimoja na kidogo. Safari ya mililita 500 kwa 5.5, kimoja na nusu. Primus ile kubwa, viwili kamili. Ndugu wa Bukavu alikuwa na haki ya kujisifu. Kopo la Lawnmower, kimoja. Kopo la Pumpkinator, kama viwili. Painti ya Art Car, mililita 473, karibu viwili pia. Na painti mbili za mwenzetu: 473 mara 2 mara 9, gawanya kwa 100, ni mililita 85. Gawanya kwa 18.

Zilikuwa karibu tano.

Ini, kwa wastani, humaliza kama kinywaji kimoja kwa saa. Kahawa haiharakishi. Maji hayaharakishi, wala supu ya makongoro. Sheria ya Texas inaweka mpaka kwenye 0.08, lakini pia inasema ukipoteza uwezo wako wa kawaida wa mwili au akili umevunja sheria hata kama kipimo kiko chini. Kosa la kwanza linaweza kukuweka ndani kuanzia saa 72 hadi siku 180. Na aliye chini ya 21 hana mpaka wowote, akikutwa na chembe tu ni kosa.

Kwa sisi wenye viza kuna la ziada. Tangu 2015 balozi za Marekani zinaweza kumfutia viza mtu kwa sababu ya kukamatwa tu akiendesha amelewa, kabla mahakama haijasema lolote. Mwenzetu alipata barua pepe: viza imefutwa. Hakufukuzwa chuo. Aliendelea na masomo, na kesi yake hatimaye ikaisha. Lakini viza ikifutwa, ukitoka nje ya nchi huwezi kurudi mpaka uombe mpya na ukubaliwe. Baba yake alifariki akiwa amebakiza mihula miwili. Alikaa Houston. Mazishi aliyafuatilia kwa simu, mdogo wake ameishika juu kaburini, na mtandao ulikuwa unakatika.

Aliponisimulia hakunilaumu mimi wala baa wala polisi. Alisema jambo moja tu, kwamba ile bia ilikuwa tamu, haikuwa na dalili yoyote ya ukali. Na ni kweli. Utamu na uzito wa kimea huificha alkoholi vizuri kabisa, hata sisi waonjaji 12 wenye karatasi na kalamu tulidanganyika mara mbili kwa jioni moja.

Kwa hiyo kwenye fomu yetu ya kuonjea tumeongeza safu mbili kabla ya rangi na harufu: mililita ngapi, asilimia ngapi. Asilimia ipo kwenye kopo au ubaoni baa. Isipokuwepo, uliza, na mhudumu asipojua chukua nyingine. Kuonja nako kunasaidia, kwani kwa mililita 60 kila moja, bia zote tulizozionja jioni ile hazikuzidi ujazo wa chupa moja ya nyumbani. Waliokuja na magari walilala palepale Alief, kwenye zulia, na asubuhi Mama wa Kisumu akawapikia chai.

Wanaotaka kwenda kiwandani wajue historia kidogo. Kabla ya 2013 viwanda vya bia Texas havikuruhusiwa kukuuzia glasi ukainywe palepale. Ulilipia matembezi na ukaonjeshwa. Kubeba makopo kwenda nayo nyumbani kutoka kwenye kiwanda kulikubaliwa Septemba 2019, na Texas ilikuwa jimbo la mwisho kukubali. Saint Arnold wako Lyons Avenue, kaskazini ya katikati ya mji. Nendeni kwa teksi ya simu, mchangiane nauli.

Kikao kijacho ni kwa wenzetu wa Fort Worth. Mchagga ameahidi kujaribu mbege ya ndizi za dukani, ulezi ameshaupata kwenye duka la Wahindi, msesewe bado. Profesa ataleta togwa ndoo mbili. Kaka wa Nairobi ameomba jaribio la glasi tatu lirudiwe, anasema siku ile alikuwa na mafua. Tumemkubalia, ila glasi ataosha yeye.